Silaha na Nchi Yake

Je, nchi yetu ilinunua ndege za kivita zilizoifaa? Wengi hulijibu swali hili kwa kuhesabu ndege na kupima kasi zake. Mimi naona yafaa tulianzie Mbulu na Hanang, mbali na viwanja vya ndege hizo.

Katika karne ya 19 Wairaqw wa Mbulu na Wabarabaig wa Hanang walikuwa na adui mmoja, yaani Wamasai. Wairaqw, wakulima wa milimani, walichimba nyumba zao katika miteremko, paa likalingana na ardhi, mpitaji asitambue kuwa chini yake wamo watu na ng'ombe. Wabarabaig, wafugaji wa nyika, hawakuchimba. Walitegemea mkuki na kuhama na makundi yao. Adui alikuwa mmoja, lakini kinga zilikuwa mbili, kwa kuwa nchi na maisha yao yalitofautiana.

Kwa kipimo hicho na tulitazame Jeshi la Wananchi, lililoundwa mwaka 1964. Ujerumani ya Magharibi ilikubali kulijengea kikosi cha anga. Mwaka 1965, kwa ugomvi juu ya Ujerumani ya Mashariki kuwakilishwa nchini, ikauondoa msaada wake wa kijeshi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kanada ikaleta ndege za uchukuzi, Otter na Caribou, zilizoifaa nchi pana yenye barabara chache. Katika miaka ya 1970 zikaja ndege za kivita aina ya MiG zilizoundwa China. Hizo nazo hazikuwa anasa: mpaka mwaka 1975 Wareno walitawala Msumbiji, nasi tuliwahifadhi wapiganaji wa FRELIMO.

Vita vya Kagera vikaja kupima yote. Mwaka 1978 ndege za Idi Amin zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, ikabidi litegwe baruti. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wa Mwanza iliangusha mabomu yake kisiwani Saanane, ikaua swala. Upande wetu, askari waliokuwa ardhini waliangusha ndege za adui kwa makombora ya kufyatulia begani. Na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa na majeshi ya nchi kavu.

Sisemi kwamba fedha za ndege zilipotea bure. Nasema kwamba ufaafu wa silaha haumo katika silaha peke yake. Kabla hazina ya umma haijafunguliwa, mnunuzi na aulize: adui ni nani, nchi ikoje, na ikiharibika nani ataitengeneza? Mwiraqw, paa lake lilipobomoka, alilitengeneza mwenyewe.