GIABOKSI INAYOJIBADILISHA YENYEWE

Somo la historia ya mitambo, kama lilivyosomwa katika redio

Kama ulisikiliza somo hili katika redio, yafaa ulisome tena hapa pole pole, maana msemaji wa redio hangoji mtu. Kama hukulisikiliza, usisikitike. Habari yote imo katika karatasi hii.

Chukua kwanza penseli yako, uandike maneno haya katika daftari: injini, gia, klachi, pampu, vali. Hayo matano yatatutosha leo.

Huenda umepata kupanda teksi ya Dar es Salaam au Mombasa na kuangalia miguu ya dereva. Motokaa nyingi ziletwazo kutoka Japani zina pedeli mbili tu, ya breki na ya mafuta. Pedeli ya tatu, yaani ya klachi, haimo. Imekwenda wapi? Swali hilo ndilo somo letu, na ili kulijibu itatubidi twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko watu wa kawaida walikoanza kuendesha bila ya klachi, na huko ndiko walipo watu ambao mpaka leo huifungua giaboksi nzima nyumbani kwao, wakaisafisha na kuifunga tena.

Kwanza tujue kwa nini motokaa ina gia. Mtu aliyebeba gunia la mahindi hupanda kilima kwa hatua fupi fupi. Akifika tambarare hurefusha hatua. Nguvu zake ni zile zile, bali amezitumia kwa namna mbili. Injini ya petroli nayo ni hivyo. Ikizunguka pole pole mno haina nguvu, huzimika. Kwa hiyo hupewa gia ya hatua fupi kwa kuanza safari na kupanda mlima, na gia ya hatua ndefu kwa kwenda mbio.

Katika giaboksi za zamani dereva mwenyewe alisukuma gurudumu la meno liingie katika meno ya jingine. Kama hayakuzunguka kwa mwendo mmoja, vyuma vilipiga kelele na meno yakavunjika. Dereva hodari alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Asiye hodari alijulikana na mtaa mzima. Injinia wa Marekani, Bwana Earl Thompson, alibuni kifaa cha kuyalinganisha magurudumu hayo kabla hayajakutana, na kampuni ya Cadillac ikakitia katika motokaa zake mwaka wa 1928. Kelele zilipungua, lakini pedeli ya klachi ilibaki. Mkumbuke bwana huyu, maana tutakutana naye tena.

Sasa rudi nyuma kidogo hata mwaka wa 1908, Henry Ford alipoanza kuuza motokaa yake iitwayo Model T. Ilikuwa na pedeli tatu, lakini hata moja haikuwa ya mafuta! Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa karibu na usukani. Pedeli ya kushoto ilikuwa ya gia mbili za mbele, ya katikati ya kurudi nyuma, na ya kulia ya breki. Ndani yake mlikuwa na gia za namna nyingine, nazo ndizo msingi wa habari yetu. Gia moja imekaa katikati kama jua. Nyingine ndogo huizunguka kama sayari zizungukavyo jua. Kwa kawaida nje yake ipo pete kubwa yenye meno upande wa ndani, ingawa Model T haikuwa nayo. Meno hayo yote hukaa yameshikana daima, hayaachani. Ukitaka kubadili mwendo huyasogezi. Unakizuia kimoja tu kati ya vile vitatu kisizunguke, na viwili vilivyobaki hubadili mwendo vyenyewe. Katika Model T kazi ya kuzuia ilifanywa na mikanda iliyokazwa kwa mguu wa dereva.

Ilibaki kumpata wa kuikaza mikanda hiyo badala ya mguu wa dereva, na kitu cha kushika mahali pa klachi.

Hicho cha pili kilitoka baharini. Mwaka wa 1905 injinia wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyefanya kazi katika kiwanda cha meli, alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kupeleka nguvu kwa kutumia maji tu, pasipo chuma kugusa chuma. Ukitaka kukielewa, weka feni mbili zikitazamana. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili, ingawa haina umeme na hakuna kamba iliyozifunga pamoja. Fungia sasa feni hizo katika chungu cha chuma kilichojaa mafuta badala ya upepo. Injini huzungusha feni ya kwanza, mafuta huisukuma ya pili. Gari likisimama, feni ya pili husimama, na ya kwanza huendelea kuzunguka, wala injini haizimiki. Klachi ya nini tena?

Bwana Thompson na wenzake katika kampuni ya General Motors waliviunganisha vitu hivyo viwili, yaani gia za sayari na chungu cha mafuta. Mahali pa mguu wa dereva waliweka pampu na vali. Pampu hutia mafuta nguvu. Vali ni milango midogo: gari likiongeza mwendo, mlango mmoja hufunguka na mwingine hufungwa, mafuta yakaenda kukaza mkanda huu au kubana klachi ile. Giaboksi hiyo iliitwa Hydra-Matic. Ilitangazwa mwaka wa 1939 kwa motokaa za Oldsmobile za mwaka wa 1940. Ilikuwa na gia 4 za mbele, na aliyeitaka aliongeza dola 57.

Wengi hawakuiamini. Walisema ni ya wavivu. Basi vikaja vita, na jeshi la Marekani likatia giaboksi hiyo katika vifaru vyepesi vya M5, kila kifaru na injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Baada ya vita, hata Rolls-Royce ya Uingereza iliitumia tangu mwaka wa 1952. Neno la uvivu halikusikika sana tena.

Hapa yapasa tusimame kidogo, maana historia ya mitambo ni historia ya watu pia. Hydra-Matic zilitengenezwa katika kiwanda kimoja kikubwa mno huko Livonia, katika jimbo la Michigan. Tarehe 12 Agosti 1953 mafundi walikuwa wakikata chuma kwa moto wa gesi karibu na dari. Cheche ziliangukia mafuta. Moto ulitambaa mpaka kwenye paa, na lami iliyopakwa juu ya paa ikayeyuka na kudondoka ndani ikiwaka. Jengo halikuwa na kuta za kuuzuia moto usienee. Siku hiyo hiyo kiwanda kikateketea, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Kwa hasara ya mali, haukuwa umetokea moto wa kiwanda mkubwa kuliko huo katika Marekani. Ghafula Cadillac, Oldsmobile na Pontiac hazikuwa na giaboksi. Cadillac na Oldsmobile ziliazima za Buick, Pontiac ikaazima za Chevrolet, na kampuni ikahamia jengo la Willow Run, ambamo wakati wa vita Ford alitengeneza ndege za mabomu. Tangu hapo wajenzi wa viwanda waliitazama mipango ya paa na kuta kwa macho mengine. Kuna faraja gani kwa jamaa za waliokufa, sijui.

Miaka ile kila kampuni ilileta giaboksi yake, na kuzitaja zote kutatuchosha. Ya Chrysler iliyoitwa TorqueFlite ilibadilishwa gia kwa kubonyeza vifungo kama vya redio, mtindo uliodumu mpaka motokaa za 1964. Jina la kuandika ni Howard Simpson, injinia aliyewahi kufanya kazi kwa Ford. Yeye alionyesha jinsi seti mbili za sayari ziwezavyo kutumia jua moja, zikatoa gia 3 za mbele na moja ya nyuma kwa vyuma vichache. Kampuni zote tatu kubwa za Marekani zilitumia mpango wake.

Mwaka wa 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini kubwa ya lita 6.4 ikaitia katika motokaa ya ukubwa wa kati, ikaiita GTO. Vijana waliipenda sana. Kampuni nyingine zikafuata, na motokaa za namna hiyo zikaitwa magari ya misuli. Aliyetaka GTO ya kujibadilisha gia alipewa giaboksi ya gia 2 tu, na kwa injini kama ile ilikuwa ni kama kumvisha mtu mzima viatu vya mtoto. Mwaka wa 1967 ndipo GTO ilipopewa Turbo Hydra-Matic 400, ya gia 3, ambayo Cadillac na Buick zilikwisha ianza katika motokaa zao za 1964. Katika mashindano ya mwendo mfupi ilionekana kwamba mashine hubadilisha gia kwa namna ile ile kila mara, ambapo mkono wa binadamu hutetemeka. Giaboksi hiyo hiyo ilitiwa katika Rolls-Royce na Jaguar, na ndugu yake katika magari ya jeshi ya Humvee ya miaka ya 1980. Kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, na kwa miaka mingi, vipuri vyake havikupotea.

Ndiyo sababu mtu aliye na GTO ya 1967 aweza kuifungua nyumbani. Ndani yake hamna kompyuta, kama zilizomo katika giaboksi za siku hizi. Mna chuma, mafuta, springi na vali. Lakini sikufichi: aifunguaye bila ya kujua kusoma ataifunga kwa bahati tu. Kila kampuni ilichapa kitabu cha mafundi, na ndani yake kuna vipimo vya nafasi ndogo kuliko unene wa ukucha. Nafasi kati ya sahani za klachi ikizidi, gia huteleza. Ikipungua, sahani huungua. Jicho halipimi kitu hicho. Hupimwa kwa kipimo, na kipimo ni tarakimu, na tarakimu husomwa.

Hatari ya kwanza si ya giaboksi, ni ya mtu. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara za chuma, juu ya sakafu ngumu. Giaboksi hii ina uzito wa kilo 60 na zaidi, nayo ikikuangukia kifuani huna la kufanya. Jeki maalumu huishika inaposhushwa.

Ikiisha kushuka, husafishwa nje kabla haijafunguliwa, maana punje moja ya mchanga yaweza kukwamisha vali. Tambara lenye nyuzi halitumiki. Kila kitu hupangwa mezani kwa zamu ya kutoka kwake. Ukiliinua bamba la vali, vijipira vidogo vya chuma vitadondoka; kila kimoja kina shimo lake, na kitabu kina picha ya mashimo hayo. Sili zote hubadilishwa, na gasketi, na sahani za klachi. Sahani mpya hulowekwa kwanza katika mafuta ya giaboksi, kwa sababu zikifungwa kavu zitaungua dakika za mwanzo. Vitu vidogo vinavyoanguka anguka hushikizwa kwa vaselini, si kwa grisi ya beringi, kwa kuwa vaselini huyeyuka katika mafuta na grisi hubaki ikaziba njia.

Nimetaja mafuta. Zamani mafuta ya giaboksi yalichanganywa na mafuta ya nyangumi wa baharini, ili klachi zibane kwa ulaini. Mapema miaka ya 1970 Marekani ilipiga marufuku biashara ya vitu vya nyangumi hao, waliokuwa wakiuawa kwa wingi, na wakemia ikawabidi kutafuta kitu kingine badala yake. Ni ajabu kufikiri kwamba motokaa iliyokwenda mbio mjini Detroit ilimtegemea mnyama wa bahari kuu.

Kabla bamba la vali halijarudishwa, fundi hupuliza hewa katika kila njia ya mafuta na kutega sikio. Klachi ikibana husikika mlio mfupi mzito. Ikisikika hewa inayovuja tu, kuna sili iliyopinduka, na hapo ni kufungua tena.

Mahali pa mwisho ndipo wengi waharibupo kazi ya juma zima. Kile chungu cha mafuta, ambacho mafundi hukiita konvata, chapasa kuingia ndani kabisa mpaka kikamate gia ya pampu. Huzungushwa kwa mkono huku kikisukumwa, nacho hushuka kwa hatua. Kikikaa nusu, fundi akakaza bolti za giaboksi kwa nguvu ili ziba iliyobaki ifungike, pampu huvunjika papo hapo. Dalili ya kukaa vizuri ni hii: giaboksi ikiisha kukutana na injini, konvata bado huzunguka bila kukwama, na kati yake na bamba la injini hubaki nafasi ya milimita 3 hadi 5.

Kisha mafuta hutiwa, injini huwashwa hali magurudumu yako juu, mkono hupitishwa katika kila gia pole pole, na mafuta hupimwa tena injini ikiwa inazunguka, kwa sababu konvata imekwisha kunywa sehemu yake.

Sasa fungua daftari lako. Chora jua, sayari tatu na pete, uandike jina la kila kimoja. Kisha zuia pete kwa kidole, na umweleze mwenzako katika darasa ni kipi kitakachozunguka.