Guthrie, Greenberg na Chimbuko la Lugha za Kibantu

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na mwambao huulizwa mara kwa mara na wanafunzi: wasemaji wa kwanza wa lugha za Kibantu walitoka wapi? Katika miaka ya 1950 na 1960 swali hilo liliwatenga mabingwa wawili, na hitilafu yao yafaa kusimuliwa darasani, kwani yaonyesha nadharia inapata wapi nguvu zake.

Malcolm Guthrie, Mwingereza, alikuwa mmisionari Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kabla ya kuwa profesa mjini London. Kipawa chake kilikuwa sikio na subira. Aliandika sarufi na kamusi ya Kilingala, akazigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi, kisha akakusanya mizizi ya maneno zaidi ya 2,000 na kuilinganisha lugha kwa lugha. Kazi hiyo ilichapishwa katika mabuku manne, 1967 hadi 1971. Alipohesabu, aliona kwamba Kibemba na Kiluba cha Katanga vimehifadhi mizizi mingi kuliko lugha nyingine. Akahitimisha kwamba chimbuko li huko huko, kusini ya msitu wa Kongo.

Joseph Greenberg, Mmarekani, hakuwa na sikio hilo. Alitegemea orodha zilizokusanywa na watu wengine, na wakosoaji hawakukawia kumwonyesha makosa yaliyomo. Lakini yeye aliweza kutazama mbali, akaziweka mamia ya lugha za Afrika pamoja na kuuliza: jamaa za Kibantu walio nje ya Kibantu wanakaa wapi? Mathalan, sikilizeni hesabu ya Kiefik, lugha ya Calabar nchini Nigeria: iba, ita, inang, ition. Je, hatusikii humo mbili, tatu, nne, tano? Lugha za namna hiyo zimesongamana karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni. Ikiwa jamaa wengi wako mahali pamoja, na tawi moja tu limeenea hadi Afrika Kusini, ni wepesi zaidi kusadiki kwamba tawi hilo ndilo lililohama.

Guthrie hakukubali. Mifanano hiyo ya magharibi aliieleza kuwa mabaki yaliyoingia katika lugha za watu wengine. Roland Oliver alijaribu kuwapatanisha mwaka 1966, kwa kuzifanya nadharia hizo kuwa hatua mbili za safari moja. Walakini hesabu ya Guthrie ilikuwa na ufa: lugha iliyo katikati hupakana na nyingi, kwa hiyo hushirikiana maneno na nyingi, hata kama haikuwa ya kwanza. Tena ushahidi wake wote ulitoka ndani ya Kibantu chenyewe. Dai la Greenberg lilijiweka wazi kwa ushahidi wa nje, na ushahidi huo ulipokuja, hata ule wa vinasaba katika karne hii, haukuliangusha.

Nasi wa upande wa Kongo tuliofurahia kuwa kitovu tulilazimika kukubali. Lakini kazi ya sikio na subira haikupotea. Herufi na namba za Guthrie, ingawa zimerekebishwa mara kadhaa, zinatumika hadi leo. Mtaalamu akiandika G42, wenzake wanajua kwamba anasema juu ya Kiswahili.