Freretown: Mtaa wa Kengele Ng'ambo ya Maji

Mtu akisimama ufuoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, akatazama ng'ambo ya maji upande wa kaskazini, ataona bara ya Kisauni. Hapo palijengwa mtaa ambao watu wake wa kwanza hawakuzaliwa hapo, wala hawakuuchagua, na wengi wao walipofika hawakujuana hata kwa lugha. Mtaa huo ni Freretown. Wapita njia wengi leo hupajua mahali hapo kwa jina la Kengeleni, lakini si wote wajuao ile kengele ilikuwa ya nini, na iliwalilia nani. Basi katika kitabu hiki cha ukumbusho imefaa tuwakumbuke watu hao, maana Kanisa la pwani lilipata kwao walimu na makasisi wake wa kwanza.

Kabla ya mtaa palikuwa na kaburi. Mwaka wa 1844 Dokta Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Bibi Rosina alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wake akamfuata. Wakazikwa ng'ambo, upande wa bara. Mwaka wa 1846 Krapf na mwenziwe Rebmann walikwenda Rabai kuanza kazi huko, na ufuo wa Kisauni ukakaa miaka mingi bila mtaa wa Kikristo.

Hata mwaka wa 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Seyyid Barghash wa Unguja, azungumze naye habari za biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi: soko la watumwa la Unguja lifungwe, na watumwa wasichukuliwe tena baharini. Lakini majahazi ya magendo hayakukoma, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Ndipo likazuka swali zito: mtu akiisha kuokolewa baharini, atashushwa wapi? Kwao ni mbali, na njia ya kurudi ndiyo ile ile aliyotekwa. Kumwacha pwani peke yake ni kumrudisha mikononi mwa watekaji.

Kwa sababu hiyo Chama cha C.M.S. kilimtuma Padre W. S. Price, aliyefika Mombasa mwishoni mwa mwaka wa 1874. Akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mtaa ukaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Mwaka wa 1875 watu waliookolewa wakaanza kushushwa hapo. Palikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa, na watu wa makabila mengine mengi. Wakapewa mahali pa kujenga na kulima, watoto wakatiwa shuleni, na wengine wakafundishwa kazi za mikono. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Waswahili husema, Mwacha asili ni mtumwa. Lakini watu hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo aliweza kusahau hata jina la kijiji chake. Ikawa lazima waanze udugu upya: jirani awe ndugu, na mzee wa mtaa awe baba wa wasio na baba.

Walimu wao wa kwanza walikuwa watu waliopatwa na mambo kama yao. Zamani kidogo, manowari zilikuwa zimewapeleka watoto waliookolewa mpaka Bara Hindi, nao wakasomeshwa Sharanpur, karibu na Nasik, mahali ambapo Padre Price mwenyewe alikuwa msimamizi. Watu hao waliitwa watu wa Bombay. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wamekwisha kufika Rabai tangu mwaka wa 1864. Mwingine ni Matthew Wellington, Myao aliyeitwa Chengwimbe utotoni mwake, aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Dokta Livingstone mpaka pwani. Watu hao walijua kusoma, walijua Kiingereza na kazi za ufundi, na zaidi ya hayo walijua maana ya kutekwa.

Tusidhani ya kuwa maisha ya mtaa yalikuwa ya raha tupu. Watumwa wa Mombasa na mashamba ya karibu walipoona watu huru wakikaa ng'ambo, baadhi yao walitoroka wakakimbilia huko na Rabai. Wenye watumwa wakakasirika sana, na mwaka wa 1880 walitisha kuushambulia mtaa. Wazee husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaonya watu kila ilipoonekana hatari kutoka baharini. Kisha kengele hiyo hiyo ikawaita kanisani. Sauti ile ile iliyosema, Kimbieni, ndiyo iliyosema, Njoni tusali.

Na hatari nyingine ilitoka ndani. Msimamizi mmoja wa mtaa aliwaadhibu watu kwa ukali mno, hata kwa kuwapiga na kuwafunga, kana kwamba hawakuwa watu huru. Habari zikafika Unguja, na mwaka wa 1881 shauri hilo likachunguzwa. Mwaka uliofuata Padre Price akatumwa tena kutengeneza mambo. Tunalitaja jambo hili si kwa kutaka kumwaibisha mtu, bali kwa kuwa historia isiyotaja makosa haifundishi. Kumtoa mtu katika jahazi ni kazi ya siku moja. Kumhesabu kuwa ni mwenzio ni kazi ya miaka.

Kazi hiyo ilionekana mwaka wa 1885, Askofu James Hannington alipowapa Jones na Semler ushemasi. Watu waliouzwa utotoni sasa walisimama mbele ya watu wao kama wahudumu wa Kanisa. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, naye Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliobaki, wakafika Rabai mwanzoni mwa 1886, wamechoka na wenye majonzi.

Shauri la watoro lilikuja kukatwa baadaye. Mwaka wa 1888 Padre Price alirudi mara ya tatu, naye Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akakubali kuwalipa wenye watumwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu walipewa vyeti vyao vya uhuru. Jumla ya watoro waliokombolewa katika vituo vya misheni ilikuwa yapata 1,400. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya pwani hii mpaka mwaka wa 1907.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, vijana wa Freretown waliojua kusoma walitakiwa kila mahali. Wakaenda bara kuwa makarani, wakalimani, walimu na wahubiri. Hivyo mtaa ulitoa watu wake mpaka wenyewe ukapungua. Chuo cha kufundisha makasisi kilichokuwapo Freretown kilihamia Limuru mwaka wa 1930. Mwaka wa 1931 daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa, na ng'ambo haikuwa ng'ambo tena. Mwaka wa 1934 mwalimu James Mbotela, mwana wa mtu aliyeokolewa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, akiandika habari alizozipata kwa wazee wake. Mwaka uliofuata Matthew Wellington akafariki Mombasa, mzee sana.

Leo mnara wa kengele ungali umesimama Kengeleni kando ya barabara kuu, magari yakipita huku na huku. Mawe yamebaki, lakini mawe hayasemi mpaka mtu ayasemee. Mbotela aliwauliza wazee wakati wangali hai, na kwa sababu hiyo sisi tunajua. Basi, enyi walimu, wapelekeni watoto pale mnarani, mkawaeleze kengele ile ilimlilia nani. Nanyi mlio wazao wa watu wale, andikeni majina ya babu na bibi zenu, yale ya ubatizo na yale ya kwao pia, kama Chengwimbe. Mtu aliyenyang'anywa jina lake mara moja asinyang'anywe mara ya pili kwa usahaulifu wetu.