Sauti ya Dar es Salaam: karedio kalikokua

Wiki hii boom limekata, kwa hiyo jioni zote nipo maktaba. Nimeona nisile desa hili peke yangu, maana tukienda kufundisha wanafunzi watatuuliza.

Redio ya taifa letu ilianza kama karedio ka mji mmoja. Mwaka 1951, gavana akiwa Edward Twining, Waingereza walianzisha Sauti ya Dar es Salaam. Mtambo ulikuwa dhaifu, unasikika mjini na viunga vyake tu. Mtu wa Songea wala hana habari. Lengo? Serikali iseme, raia wasikilize.

Ila walitangaza kwa Kiswahili, na hapo ndo utamu ulipo. TANU ilipoundwa 1954 ilizunguka nchi nzima na lugha hiyohiyo. Mwaka 1956 kituo kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Uhuru ulipofika 1961, redio inayoongea lugha ya watu ilikuwepo tayari. Mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD.

Kwa nchi kubwa hivi FM isingetosha. FM husafiri karibu sawa na jicho linavyoona, mlima ukikatiza imeishia. AM ya masafa ya kati inatambaa na ardhi, na usiku inadunda angani inatua mbali. Bibi kijijini anaipata kwa betri tu.

Sasa walimu watarajiwa, sikilizeni hapa. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanakaa kwa vikundi, redio moja katikati na kijitabu mkononi, wanasikiliza, wanajadili, halafu wanaenda kuchimba vyoo. Walishiriki watu kama milioni 2! Hapo hakuna projekta wala nini.

Lakini tusiimbe sifa tu. Kwa miaka mingi Bara ilisikika sauti hiyo moja, mpaka redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990. Mwenye mawazo tofauti na serikali angesemea wapi? Redio ya mkoloni ilituamrisha, ya kwetu ikatufundisha, ila zote mbili maiki ilishikwa na serikali. Kwangu mimi hilo ndo swali la kuwapa wanafunzi, siyo kukariri miaka.

Ukienda likizo, waulize wazee wako walisikiliza nini, kwa redio ya nani. Wakiondoka, hiyo historia haipo maktaba.