Watunza Nyaya Katika Ngome za Mwili

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Nairobi ulianza kupata umeme uliotokana na nguvu ya maji ya mto Ruiru. Baadaye, katika miaka ya 1920, mto Thika nao ukatiwa kazini pale Ndula. Watu wa mjini walipoona taa zikiwaka usiku walizisifu taa, na waliojua zaidi waliisifu mitambo. Nyaya zilizosafirisha nguvu hiyo kwa kilomita nyingi zilisifiwa na wachache, na mwenye kuzitunza nyaya hizo hakusifiwa na mtu. Lakini waya haujitunzi wenyewe. Usipofunikwa, usipotengezwa unapokatika, mitambo itazunguka bure na taa zitazimika.

Mwili wa binadamu nao una nyaya zake, nazo ni mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo huchukua habari kutoka katika ngozi na viungo hadi kwenye ubongo, na kurudisha amri. Nayo pia ina watunzaji wake. Habari ya jinsi watunzaji hao walivyotambulikana, na hasa walivyotambulikana mahali ambapo hawakutazamiwa, ni sehemu ya historia ya elimu inayostahili kusomwa, kwa sababu inatufundisha namna ya kujua kitu kwa hakika.

Katika mwaka wa 1839 Theodor Schwann, mtaalamu wa Ujerumani, alitoa kitabu kilichoeleza ya kuwa miili ya wanyama wote imejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vya uhai visivyoonekana kwa macho matupu. Alipoutazama mshipa wa fahamu kwa hadubini aliona seli nyingine zimeuzunguka kama ganda. Seli hizo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1856 Mjerumani mwingine, Rudolf Virchow, alizipa seli zinazokaa kati ya zile za fahamu ubongoni jina lenye maana ya gundi. Jina hilo lilidumu, na kwa bahati mbaya dhana yake ikadumu nalo. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba seli hizo hazina kazi ila kushikanisha nyingine, kama udongo ushikavyo fito za nyumba. Ni katika mwaka wa 1954 ambapo Betty Geren wa Marekani, akitumia hadubini ya elektroni, alionyesha ya kuwa seli ya Schwann hujiviringisha mara nyingi kuuzunguka uzi wa fahamu na kuufanyia ala. Kumbe ile iliyodhaniwa kuwa gundi ilikuwa fundi.

Sasa tugeuke upande wa pili. Mwili una ngome zake za kujikinga na maradhi. Mwanafunzi wa Thika aliyewahi kutazama mbuzi akipasuliwa baada ya kuchinjwa ameiona moja katika hizo: ni kile kiungo chekundu kama damu, kilicho karibu na tumbo, kiitwacho bandama. Ngome nyingine ni tezi ndogo za shingoni, kwapani na kwenye kinena, ambazo huvimba mtu akiwa na kidonda, na uboho ulio ndani ya mifupa, ambamo chembe za damu huzaliwa. Wataalamu wa zamani walizichunguza ngome hizi kwa ajili ya chembe nyeupe za damu, walio askari wa mwili. Waliochunguza mishipa ya fahamu walikuwa watu wengine, wenye vitabu vyao na vyumba vyao. Kwa hiyo hata ilipojulikana ya kuwa mshipa wa fahamu huingia katika bandama pamoja na mshipa wa damu, ni wachache waliouliza unafanya nini humo, na nani anautunza.

Tena kulikuwa na ugumu wa kuona. Ndani ya tezi seli zimesongamana kama watu sokoni siku ya gulio, na nyuzi za fahamu zilizomo ni nyembamba mno, nyingi hazina ala nene. Kumtambua mtunzaji katika msongamano huo kwa umbo lake tu ni kubahatisha.

Afrika Mashariki inajua hatari ya kubahatisha. Mwaka wa 1898, huko Dar es Salaam, Robert Koch, bingwa mkubwa wa vijidudu, aliona vijidudu katika damu ya ng'ombe wagonjwa akadhani ni wachanga wa ugonjwa mwingine uliokwisha julikana Marekani. Walikuwa wa ugonjwa tofauti kabisa, ule uitwao ndigana, ambao hutiwa na kupe na kuvimbisha tezi za ng'ombe. Arnold Theiler aliwatenga kwa jina lao katika mwaka wa 1904. Ikiwa bingwa wa namna ile alidanganywa na sura, je, sisi tutapona?

Ili wasidanganywe na sura, wataalamu walitafuta alama. Mwaka wa 1965 Blake Moore alitoa katika ubongo wa ng'ombe protini moja iliyoitwa S-100. Ilionekana kuwa ni mali ya seli zitunzazo fahamu. Basi wakatengeneza rangi ya kuishika protini hiyo, wakasema: kila seli itakayoshika rangi hii ni mtunzaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rangi hiyo ilipojaribiwa katika tezi za kinga, seli nyingi zilishika rangi. Lakini tazama! Hazikuwa watunzaji wa fahamu. Zilikuwa seli za kinga zenye matawi, ambazo kazi yake ni kuwaonyesha askari sura ya adui. Kanzu ilikuwa moja, waliovaa walikuwa wawili.

Hapo ndipo ilipothibitika ya kuwa shahidi mmoja hatoshi. Seli lazima ishuhudiwe na alama zaidi ya moja. Ionekane imeukumbatia uzi wa fahamu. Tena ijulikane kwa kazi yake. Katika miaka ya 1980 David Felten na wenzake huko Marekani walionyesha nyuzi za fahamu zikipita bega kwa bega na chembe za kinga ndani ya bandama. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Japani walieleza habari ya seli za Schwann katika uboho wa panya. Mshipa wa fahamu ulipokatwa, seli hizo zilipungua kazini, na zile seli mama zinazozaa damu, ambazo hukaa zimelala kama akiba, zikapotea upesi. Mtunza waya alikuwa pia mlinzi wa ghala. Japani hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kuanzishwa, mwaka wa 1981, kwa chuo cha Juja, kati ya Ruiru na Thika, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Hadubini sasa ziko karibu na nyumbani.

Huenda msomaji akauliza: haya yote yana faida gani? Na ajibiwe kwa neno moja: ukoma. Kijidudu cha ukoma, alichokigundua Armauer Hansen wa Norway mwaka wa 1873, hupenda kukaa ndani ya seli za Schwann. Kikulacho ki nguoni mwako. Askari wa mwili wanapoingia kumfukuza adui, mshipa wenyewe huumia katika vita hivyo. Mkono hufa ganzi. Mwenye mkono hushika sufuria ya moto asijue, na vidonda hufuata. Wagonjwa waliotunzwa Alupe huko Busia, na Buluba huko Uganda, hawakupoteza vidole kwa laana wala kwa dhambi ya wazee wao, kama walivyoambiwa na majirani. Walipoteza watunzaji wa nyaya zao. Dawa za pamoja zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 1981 huua kijidudu hicho, lakini mshipa uliokwisha haribika haurudishwi kwa urahisi. Hivyo kuwahi ni bora kuliko kutibu.

Basi, kijana unayesoma, ukipewa kioo cha hadubini usiwe mwepesi wa kutaja jina la kile ukionacho. Uliza kina alama gani, kimekaa na nani, kinafanya kazi gani. Na unapomwona mtu aliyeumbuliwa na maradhi, uliza vivyo hivyo kabla ya kumpa jina.