Wenzo, Roda na Kiluwiluwi: Jinsi Sayansi ya Madarasa ya Juu ya Msingi Ilivyoingia katika Kiswahili

Historia ya Kiswahili shuleni aghalabu husimuliwa kwa kutaja makamusi, sarufi na ushairi. Ni nadra somo la sayansi kutajwa. Hata hivyo, hakuna somo lililokidai Kiswahili mambo mengi kwa muda mfupi kama sayansi ya darasa la tano, la sita na la saba nchini Tanzania baada ya mwaka 1967. Katika madarasa hayo lugha ilitakiwa kueleza kani, nishati, uchavushaji wa maua na mzunguko wa damu, tena mbele ya watoto, ambao hawakubali maelezo yasiyoeleweka ila kwa kuogopa fimbo. Kwa kuwa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani huulizwa kila mara kama lugha hii inaweza kubeba elimu ya sayansi, inafaa tuijue habari hiyo jinsi ilivyokuwa, pamoja na mafanikio na mapungufu yake.

Tuanze na zama za ukoloni. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na katika taarifa yake ya mwaka 1925 ilihimiza kwamba elimu ya Waafrika ilinganishwe na maisha yao, hasa afya, kilimo na kazi za mikono. Huko Tanganyika madarasa ya mwanzo yalifundishwa kwa Kiswahili. Humo mtoto alijifunza usafi wa mwili, mimea ya shamba na wanyama wa nyumbani. Alipopanda madarasa ya juu alikutana na Kiingereza, na sayansi yenye kanuni na vipimo ikafundishwa kwa lugha hiyo. Hivyo Kiswahili kikaachiwa mambo ya kufagia na kupalilia, na sababu za mambo zikahifadhiwa katika lugha nyingine. Watu wengi wakaamini kwamba mpaka huo ulitokana na upungufu wa Kiswahili chenyewe, ilhali uliwekwa na ratiba ya shule.

Mpaka huo uliondolewa mwaka 1967. Mwezi Machi mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambamo alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili peke yake, isiwe matayarisho tu ya kwenda sekondari. Sababu ilikuwa wazi: watoto wengi mno hawakupata nafasi ya kuendelea. Sayansi ambayo mtoto angeipata kufikia darasa la saba ndiyo ambayo angeitumia maisha yake yote, katika kuchemsha maji ya kunywa, kuchagua mbegu na kumwuguza mtoto mwenye homa. Katika mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria ya Bunge. Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, ambacho baadaye kilijulikana kama TUKI, kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1964. Kwa hiyo palikuwa na vyombo. Ila walimu wa darasa la tano hawakuweza kungoja kamusi imalizike ndipo waingie darasani.

Maneno yalitoka wapi? Yalitoka katika visima vitatu. Kisima cha kwanza ni kazi za watu wenyewe. Neno wenzo ni la zamani; ni mti wa kusogezea au kunyanyulia kitu kizito. Roda ni gurudumu la kupitishia kamba, neno la Kireno lililokwisha kuzoeleka kwa mabaharia wetu katika kutweka tanga. Vitabu vya sayansi viliyachukua maneno hayo na kuyapa maana iliyopimika: wenzo ukawa na egemeo, jitihada na mzigo. Vivyo hivyo umeme, ambao kwa wazee wetu ulikuwa ule wa mvua na radi, ukawa pia nguvu inayopita katika waya. Hakuna aliyedanganywa hapo, maana wanasayansi wamekwisha kuthibitisha kwamba asili yake ni moja.

Kisima cha pili ni maneno yaliyoundwa. Kipimajoto kinajieleza chenyewe. Usanisinuru umeunganisha usanisi na nuru, na maana yake ni kutengeneza chakula cha mmea kwa msaada wa mwanga. Kisima cha tatu ni mikopo: oksijeni, haidrojeni, vitamini, protini. Baadhi ya watu waliilaumu mikopo hii, wakasahau kwamba Waingereza nao hawakuyazaa maneno hayo katika lugha yao; waliyakuta yameundwa kwa viungo vya Kigiriki na Kilatini. Kazi ya kuyakusanya na kuyasanifu iliendelea kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1990 TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Wakati maneno yakitafutwa, kulikuwa na juhudi nyingine iliyotazama mikono ya watoto. Mwaka 1965 wataalamu na walimu wa nchi kadhaa za Afrika walikutana mjini Kano, Nigeria, na Mpango wa Sayansi ya Msingi wa Afrika ukaanza kwa msaada wa Marekani. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo. Vijitabu vyake havikuanza na ufafanuzi wa maneno. Vilimtaka mwalimu awape watoto mchanga, mbegu, viluwiluwi vya mbu, au yule mdudu mdogo achimbaye kishimo cha mviringo vumbini ili anase sisimizi. Kisha watoto watazame, waulize, na majibu wayatafute kwa mdudu mwenyewe. Mwaka 1970 kazi hiyo ilirithiwa na chombo cha nchi za Afrika zenyewe, chenye makao yake Accra, Ghana.

Mtaalamu Eleanor Duckworth aliupima mpango huo nchini Kenya kwa njia isiyo ya kawaida. Badala ya kuwapa watoto maswali ya kuandika, aliwaweka katika chumba chenye vitu mbalimbali, akawaacha wafanye watakavyo, akatazama. Waliokuwa wamefundishwa kwa vitendo walibuni kazi za namna nyingi zaidi, na zenye kina zaidi, kuliko wenzao.

Basi tunazo njia mbili zilizosafiri sambamba: moja ya maneno, nyingine ya vitendo. Kwa maoni yangu, sayansi ya Kiswahili ilistawi pale njia hizi zilipokutana, na ikadhoofika pale zilipoachana. Tutazame mfano wa kiluwiluwi. Katika Kiswahili neno hili hutumika kwa mtoto wa chura na pia kwa mtoto wa mbu. Mwanafunzi aliyesoma kitabuni tu huweza kuamini kwamba viumbe hivyo ni vya jamaa moja. Mwenzake aliyeteka maji ya dimbwi katika chupa mbili zenye mdomo mpana, akazifunika kwa kitambaa na kuzitazama kila asubuhi, ataona huku miguu ikichipuka na kule mbu akiruka. Baada ya hapo neno moja kuwa na maana mbili halimdhuru tena. Lugha haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni alichokiona.

Usanisinuru nao una habari yake. Ni neno lililoundwa kwa ustadi, lakini mtoto anaweza kulikariri vizuri kama anavyokariri jina la mto wa mbali. Mwalimu akiotesha mahindi katika makopo mawili, moja likakaa juani na jingine ndani ya kabati, baada ya siku chache darasa litaona miche ya gizani imerefuka na kuwa dhaifu, rangi yake manjano iliyopauka. Hapo nusu ya pili ya neno, yaani nuru, imekwisha kujifundisha yenyewe, na mwalimu amebakiwa na nusu ya kwanza tu.

Hali kadhalika maneno tuliyoyazoea sana huhitaji uangalifu kuliko mageni. Mtu aliyesimama kimya na gunia kichwani anafanya kazi ngumu kwa lugha ya sokoni. Kwa lugha ya fizikia hafanyi kazi yoyote juu ya gunia hilo, kwa kuwa halisogei. Hapa mwalimu wa lugha na mwalimu wa sayansi hawana budi kushirikiana.

Kwa bahati mbaya, nyakati zilizofuata hazikuwa rahisi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Idadi ya wanafunzi ikapanda upesi, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilizidi milioni 3. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha. Hiyo ilikuwa kazi ya kishujaa, na haifai kubezwa. Lakini vifaa vilipungua, madarasa yakajaa, na mtihani wa mwisho ukadai majibu mafupi. Katika shule nyingi chupa na makopo vikawekwa kando, ubao na chaki vikabaki. Watu waliposikia watoto wakikariri bila kuelewa, wengine walikilaumu Kiswahili, kumbe kilichokosekana kilikuwa kile kitu ambacho neno linakitaja.

Pigo jingine lilikuwa mlangoni mwa sekondari. Mtoto aliyejua egemeo, uvukizi na mmeng'enyo alipofika kidato cha kwanza aliamriwa kuanza upya kwa Kiingereza. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru, katika uchunguzi wao kwa ajili ya BAKITA, walionyesha jinsi wanafunzi walivyoshindwa kujieleza kwa Kiingereza, hali walipoulizwa kwa Kiswahili waliweza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, sayansi ya sekondari imeendelea kutahiniwa kwa Kiingereza. Hivyo ule mpaka wa zamani haukufutika. Ulihamishwa kutoka darasa la tano hadi kidato cha kwanza.

Historia hii inatuhusu sisi jirani kwa namna ya pekee. Katika shule zetu sayansi ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, na kipindi cha Kiswahili huachiwa hadithi, methali na insha. Hakuna sheria inayotukataza kuleta wenzo darasani. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi fimbo, jiwe na kigingi, wanyanyue, kisha waandike kwa Kiswahili walichokifanya, hatua kwa hatua. Hiyo ni insha, tena insha isiyoweza kuibwa kitabuni. Istilahi zikitofautiana, kama wengine wasemavyo halijoto na wengine jotoridi, tuwafundishe wanafunzi zote mbili bila ugomvi, mradi watofautishe jambo hilo na joto lenyewe.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Darasa la tano ndipo mtoto aulizapo zaidi, kabla hajafundishwa kunyamaza. Ikiwa Kiswahili ndiyo lugha anayouliza kwayo nyumbani, njiani na sokoni, basi sisi walimu wa lugha hii tuna deni la kuhakikisha kwamba anapata kwayo njia ya kutafuta jibu. Tanzania imetuonyesha kwamba maneno yapo, na yasiyokuwapo huundwa. Chupa, mbegu na jiwe hatuna haja ya kuviagiza kokote.