Resori: namna Kisangani ilivyobeba uzito wake

Ndugu msikilizaji, na wewe unayetusoma kutoka kwenye nyumba ya ndugu waliokupokea au kwenye eneo la wahamishwa, leo tunazungumza juu ya chuma ambacho tunakikalia kila siku bila kukiona. Ni resori ya motokari. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita springi.

Kuna vijana wa garaji wanaotaka kujua namna ya kuweka resori fupi, wakiwa nyumbani tu, ili motokari ishuke na kukaa karibu na udongo kama zile wanazoziona kwenye video. Hayo ya ufundi nitayasema kabla ya kumaliza. Lakini kwanza tuangalie nyuma, kwa sababu mji wetu umepitisha zaidi ya miaka mia moja ukifanya kinyume chake. Ugenini motokari inashushwa kwa ajili ya uzuri. Kwetu inainuliwa ili ifike.

Tuanzie hapa Wagenia, maana mto ndio uliotuwekea tatizo la kwanza. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba, na la mwisho ni hili letu. Mashua kubwa haipiti. Kwa hiyo kila mzigo uliotoka juu ya mto au kwenda huko ulishushwa, ukabebwa kichwani na begani, ukaingizwa tena katika pirogi. Watu wa maji walijua mikondo na mawe, na wapagazi walijua njia za pori. Resori ya kwanza ya njia hiyo ilikuwa magoti ya binadamu. Goti linajikunja mguu unapokanyaga shimo, mzigo unabaki sawa. Na goti likiharibika, hakuna duka la kununua lingine.

Wakati huo Ulaya walikuwa wamekwisha kuuelewa mchezo wa chuma. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni ambayo fundi yeyote anaijua kwa mikono yake: ukiongeza uzito mara mbili, resori inashuka mara mbili, mpaka ifike mwisho wa nguvu yake. Mwaka 1804 Mwingereza mwingine, Obadiah Elliott, alipata haki ya uvumbuzi wa namna ya kufunga magari ya farasi juu ya vyuma bapa vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Vyuma hivyo ndivyo mafundi wetu wanavyoviita malame, na mpaka leo utaviona chini ya kamio yoyote inayopakia sokoni.

Mwaka 1906 reli ya Stanleyville hadi Ponthierville ilifunguliwa, kilomita 125, kuzunguka maporomoko. Stanleyville ndiyo Kisangani yetu, na Ponthierville ndiyo Ubundu. Reli hiyo inaanzia ng'ambo ya kushoto, upande wa Lubunga. Mzigo uliokuwa juu ya mabega ukapanda juu ya magurudumu ya chuma. Lakini mabega hayakupumzika, kwa maana watu wale wale walihitajika kukata miti, kupanga mawe na kupakia mabehewa.

Barabara za motokari zilifuata. Serikali ya kikoloni ililazimisha vijiji vingi kuhama kutoka porini na kukaa kando ya barabara, ili wenyeji wazitunze. Wazee wetu wanalikumbuka neno kantonie, mtu wa kuziba mashimo na kukata majani kwenye kipande chake cha njia. Tukumbuke jambo hilo vizuri: barabara ilikuwa laini kwa sababu kulikuwa na mgongo wa mtu uliokuwa ukiinama kila asubuhi. Resori ya kamio ilidumu kwa gharama ya mgongo huo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mambo yalibadilika taratibu. Vita vya mwaka 1964 viliupiga mji. Mwaka 1971 Ofisi ya Barabara iliundwa, lakini nchi ni kubwa na mvua yetu haina likizo. Mwisho wa mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire, na maduka mengi yakafilisika. Vipuri vikawa vigumu kupatikana. Hapo ndipo fundi wa nyumbani alipopata heshima yake. Lame ikivunjika, anachukua nyingine kutoka kwenye kamio iliyokufa, anaikata, anaipasha moto, anaipiga nyundo mpaka ipinde inavyotakiwa. Kamio ikipakiwa kupita kiasi, anaongeza lame moja au mbili. Resori ya motokari ndogo ikichoka, anaingiza kipande cha mpira wa gurudumu kati ya mizunguko yake ili tumbo la motokari lisiguse mawe. Hicho ni kinyume kabisa cha resori fupi wanayoiuliza vijana.

Ndipo vikaja vita vya mwaka 1998. Mji ulitengwa na Kinshasa, meli zikasimama, mafuta yakawa dawa. Mwezi wa sita mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, raia kwa mamia wakauawa. Wengi wenu mlikuwa chini ya vitanda siku hizo, sina la kuwaeleza.

Katika miaka ile migumu, aliyeubeba mji ni toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ile tunayoiita kinga. Ukiangalia baiskeli nzito ya zamani utaona resori mbili ndogo chini ya kiti cha mwendeshaji. Kule nyuma, kwenye chuma cha kubebea, hakuna kitu. Kwa hiyo vijana wakashona mto wa sponji, wakaufunga juu ya chuma, abiria akakaa. Mgonjwa alipelekwa hospitali juu ya sponji ile. Magunia ya mihogo, makaa na mikungu ya ndizi vilipanda juu ya magurudumu mawili. Na resori kubwa ikawa tena magoti ya kijana anayesukuma, kama wakati wa wapagazi.

Sasa tuwatazame wanaoshusha. Mjini Los Angeles, Marekani, baada ya vita vikuu vya pili, vijana wenye asili ya Meksiko walipenda kuendesha motokari za chini, polepole, ili watu wazione. Wengine walikata resori, wengine walijaza mifuko ya mchanga nyuma. Sheria ya California iliyoanza kufanya kazi mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya motokari iliyobadilishwa kushuka chini kuliko ukingo wa chini wa ringi za magurudumu. Mwaka 1959 kijana Ron Aguirre akafunga pampu za mafuta kwenye Corvette yake: mbele ya polisi anainua, polisi akipita anashusha. Huku kwetu mifuko ya mihogo inashusha motokari bila mtu kutaka, na hakuna anayepiga picha.

Hata hivyo siwacheki vijana wetu. Mtu anayeota motokari ya chini anaota barabara nzuri. Hiyo ni ndoto halali. Ila chuma hakijui ndoto, kwa hiyo tusikie ufundi wake.

Resori fupi ya kiwandani hushusha motokari sentimita mbili mpaka tano hivi, na imefanywa ngumu zaidi ili motokari isigonge chini. Ukikata resori ya zamani badala yake, ncha haikai tena sawasawa mahali pake; ukiikata kwa moto, sehemu iliyopashwa inapoteza nguvu na inaweza kuvunjika njiani. Amortiseri nayo inafanya kazi nje ya nafasi yake na kufa mapema. Magurudumu yanabadilisha mlalo, kwa hiyo lazima yapimwe upya, la sivyo mipira inaliwa upande mmoja.

Hatari kubwa iko wakati wa kufungua. Resori ya mbele imekaa imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Ukilegeza nati ya juu bila vyombo viwili vya kuibana, vilivyowekwa pande zote mbili, inaruka kama risasi. Kamba na nyaya si vyombo vya kubania. Na motokari isisimamishwe juu ya jeki peke yake wala juu ya mawe. Itegwe juu ya vigingi vya chuma. Kama huna vyombo hivyo, kazi hiyo si ya nyumbani.

Onyo linawahusu pia wanaoinua, na hapa ndugu wahamishwa naomba masikio yenu. Tangu mwaka 2023, mgogoro kati ya jamii za Mbole na Lengola umewatoa watu wengi Lubunga, Ubundu na Opala, wakavuka mto na kilichobaki cha nyumba zao. Siku ya kurudi, au siku ya kuhama tena, utapanda juu ya kamio pamoja na watoto na magodoro. Mwenye kamio atakuambia: «Usiogope, nimeongeza lame.» Elewa anachosema. Kuongeza lame kunafanya kamio isilale chini ya mzigo. Hakuongezi breki hata moja. Ekseli ni ile ile, mipira ni ile ile. Kamio inayoonekana imesimama wima inaweza kuwa imebeba kuliko breki zake zinavyoweza kuzuia kwenye mteremko.

Kwa hiyo kabla hujalipa, rudi nyuma hatua kumi, uiangalie. Je, imeinama upande mmoja? Inama uchungulie: kuna lame iliyopasuka, yenye ufa unaong'aa mpya? Vyuma vinavyofunga resori kwenye ekseli vimekaza, au vimefungwa kwa kamba? Ukiona hayo, ngoja nyingine kama unaweza. Na kama huwezi, shusha watoto juu ya mzigo, wakae chini kabisa, karibu na kabini.

Hiyo ndiyo historia yetu kwa kifupi. Uzito haupotei. Ukiutoa begani unakwenda kwenye reli, ukiutoa kwenye barabara unakwenda kwenye resori, ukiutoa kwenye resori unakwenda kwenye breki, na breki zikishindwa unarudi kwa binadamu. Mafundi wetu wameusogeza kwa akili nyingi, na wanastahili shukrani. Lakini nyundo ya fundi haiwezi peke yake kufanya kazi ya barabara. Anayeshika bajeti ya barabara za Tshopo naye abebe sehemu yake.

Kutoka Wagenia, komini ya Kisangani, nawatakia safari njema na mzigo wa kiasi.